Utomvu

Kuching, saa tatu asubuhi, mvua imepiga kambi dirishani.
Tupa namba kumi na tano, kisha ishirini:
nazungusha robo, navuta, naosha,
hadi ncha ya karatasi itoke kavu.

"Hiyo ya waridi ni nini?" auliza Ungkang,
ulimi mzito kwa ganzi.

Utomvu wa mti, namwambia.
Umeletwa kwa kisanduku, kutoka ng'ambo.

Anacheka upande mmoja.
Babu yake aliugema, juu kule mtoni Baleh,
akauuza mizigo kwa mizigo,
akalipwa chumvi.

Napasha moto. Nashindilia. Nashindilia tena,
milimita kumi na nane, basi.
Kwenye picha mzizi umejaa, mweupe hadi nchani.

Analitazama jino lake kwa muda.
"Umerudi kwao," asema.
"Nauli nimelipa mimi."