Moja kwa Thelathini na Tano

Sanduku lilifika Jumanne, limebonyea pembe moja.
Ndani, kifaru kizima kimelala vipande vipande
kwenye fremu za plastiki ya kijivu,
kila kipande na namba yake, kama kondoo wa Mihalko sikioni.

Moja kwa thelathini na tano, ndicho kipimo.
Mtu mzima anakuwa kidole gumba.
Chuma cha kusimamisha kombora
kinakuwa unene wa sarafu.

Vipingili vya mnyororo: sabini na viwili kushoto,
sabini na viwili kulia.
Nakikata kimoja, nakipiga msasa, nakiunga na mwenzake
kwa pini nyembamba kuliko sindano ya Milena,
na kikidondoka zuliani
napiga magoti kama mtu aliyekuja kuungama.
Nje theluji imeziba barabara ya Svidník.
Gereji imefungwa. Nina wiki tisa, nina taa, nina chai.

Chenyewe, kile cha kweli, kimesimama shambani chini ya kilima.
Kila Mei halmashauri hukipaka rangi,
kijani cha mkebe wa njegere.
Nilikwenda na utepe wa fundi cherehani,
nikapapasa mishono ya kulehemu chini ya rangi:
minene, imepinda, kazi ya mtu aliyehimizwa.
Nikarudi nikaiiga kwa ncha ya sindano ya moto.

Tope ndilo lililonishinda.
Nilichimba udongo palepale, chini ya mnyororo,
nikaukausha juu ya jiko, nikauchuja kwa soksi ya nailoni,
na bado kila punje ilikaa juu ya plastiki kama jabali.
Chuma kinapungua, mtu anapungua.
Udongo, haupungui.
Nikatumia chaki ya kusaga na vumbi la majani ya chai.

Bibi Paraska akaja kuomba chumvi,
miaka themanini na tisa, fimbo na viatu vya mpira.
Akanusa gundi. Akavaa miwani.
"Kijani si hiki," akasema. "Ubavu huu ulikuwa mweusi.
Na nyuma palining'inia ndoo."
Nikamtengenezea ndoo kwa karatasi ya risasi
ya shingo ya chupa ya mvinyo. Akaitikia kwa kichwa.

Kisha: "Kifuniko cha dereva umekifunga."

Nikamwambia dereva hamna. Sanduku linauzwa bila watu.

Akavuta kiti.
"Alibisha hodi usiku kucha, Ľubor.
Hodi ya mtu aliye ndani, anayetaka kutoka.
Baba akazima taa. Mama alikuwa na mkate mezani,
chini ya kitambaa, bado wa moto.
Hakuna aliyeitika karibu.
Asubuhi kimya. Siku ya tatu wakaja wanajeshi na mtaimbo.
Majira ya kuchipua kuku wetu wakatagia humo ndani,
na mayai tukayala."

Sasa, gundi ya plastiki si gundi.
Inayeyusha. Vipande viwili vinakuwa kimoja,
hakuna tena mpaka wa kuutafuta.
Nilipitisha wembe mahali nilipodhani pana ufa,
nikakata, nikakosea, nikakata tena,
bawaba ikavunjika, rangi ya wiki mbili ikachubuka
hadi kwenye kijivu,
na kidole changu kikatoa damu ya ukubwa wake wa kawaida.

Kifuniko kikafunguka. Ndani giza, na harufu ya gundi.

Akatoa kipande cha mkate mfukoni mwa aproni,
akafinyanga tonge kwa vidole visivyonyooka,
akaliweka kwenye ukingo wa tundu.

"Bibi," nikasema, "kwa kipimo, tonge hilo
ni kubwa kama gurudumu."

"Usilipunguze."

Akasahau chumvi. Nilimpelekea jioni.
Milena anataka nikifunike kifaru kwa kioo,
anasema panya watakuja kula mkate.
Wiki ya pili sasa. Sijanunua kioo.