Kipengele cha Saba

Fomu ya chuo ina kurasa nne.
Jina, nimejaza. Matokeo ya darasa la nane, nimejaza.
Mtu wa kupigiwa simu nikianguka: Tima, binti yangu,
ingawa simu yake haishi kuzimika.
Kipengele cha saba: cheti cha tabia njema, kutoka polisi.
Bila hicho, wasema, hupewi sare
wala huruhusiwi kumgusa mgonjwa.

Dada yangu alipoposwa, watu wa Likoni walikuja kuulizia.
Waliuliza dukani kwa Salmini, wakauliza madrasa,
wakamsimamisha hata muuza maji na mkokoteni wake.
Muuza maji akasema: huyu akikopa hulipa,
na habari ya nyumba hii haifikishi nyumba ile.
Basi. Mahari ikaletwa Ijumaa.

Mimi naulizwa na kioo.
Pale Huduma, jengo la Posta, kijana mmoja, Mwakio,
alinishika kidole gumba akakilaza juu ya taa ya kijani,
akakibonyeza, akakipangusa, akakilaza tena.
"Mama, huna alama."
Foleni nzima ikanigeukia
kana kwamba nimezificha kusudi.

Nizitoe wapi? Miaka kumi na mmoja nafua
shuka za nyumba za wageni Bamburi, jiki na magadi,
kisha hii miwili ya Bi Zulfa, jirani yangu,
tangu kiharusi kilipompiga upande wa kulia.
Kumwosha, kumgeuza, kumbadili, kufua, kuanika,
kumwosha.
Alama zangu kama ziko mahali, zimo karoni kwake.
Yeye ndiye angenisemea.
Lakini neno lililombakia ni moja, "basi",
na hulitumia kwa kila kitu:
kwa uji, kwa maumivu, kwa Tima akimchekesha.

Na kuna lile jambo la Makupa.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na beseni la kachiri,
askari wa baraza la mji wakatuzoa.
Nililala selo, juu ya saruji,
asubuhi nikatoa mia tano, nikaambiwa nenda.
Risiti sikupewa. Sijui kama mia tano
ina kumbukumbu.
Sikumwambia Mwakio. Hakuuliza.

"Kaa siku tisa usiguse sabuni. Jipake mafuta, urudi."
Siku tisa! Tima akafua yeye. Shuka zikaanikwa na mapovu yake,
nikauma ulimi.
Jioni Bi Zulfa akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto,
akachovya kwenye mafuta ya nazi
akanisugua kidole kimoja kimoja, polepole,
kama anayehesabu deni.
"Basi," akasema. "Basi, basi."

Siku ya kumi kioo kilikubali saba.
Vitatu vilikataa katakata.
"Tutume hizi hizi," alisema Mwakio, "Nairobi wataamua."
Ujumbe ukiingia utanieleza mimi ni nani.
Haujaingia.
Masomo yanaanza Jumatatu ya pili.

Nilipita Mwembe Tayari nikanunua sabuni ya mche.
Karo nililikuta limefurika, Tima haonekani.
Nikakunja mikono ya nguo, nikaloweka
vidole saba vya serikali
na vitatu vyangu.