Kamba ya Kushoto

Miaka ishirini na tisa nimelala na viatu.
Nabintu, mke wangu, hufua shuka kila Jumamosi
na haulizi tena matope yametoka wapi.
Watoto walidhani kila baba hulala hivyo.

Juu ya duka la saruji, pale Nyawera,
chumba kina viti viwili na dirisha
lenye kipande cha ziwa kisichozidi kiganja.
Nilikuwa tayari kuambiwa: vua.
Mama Ntakwinja akaviangalia viatu vyangu
kama wageni niliokuja nao
nikasahau kuwatambulisha.
Akauliza, "Hawa walianza kazi lini?"

Nikacheka. Kisha nikamwambia.
Kushuka Kadutu gizani, nina miaka tisa,
peku, chupa zimepasuka njia nzima,
dada yangu Nshobole ananivuta mkono,
usilie, watasikia.
Sikulia.
Mguu ulilia kwa niaba yangu,
jiwe kwa jiwe, mpaka chini.

"Basi ni walinzi waaminifu," akasema.
"Hakuna aliyewaambia kwamba usiku ule ulikwisha."

Sikupewa dawa. Nilipewa kazi ndogo ya aibu:
legeza kamba ya kushoto. Ya kushoto tu.
Wiki nzima. Usivue.
Mimi, mchomeleaji, ninayefunga mageti ya watu
yasifunguliwe na mwizi wala upepo,
nilikaa ukingoni mwa kitanda, jasho likinitoka,
nimeshindwa na fundo.

Wiki ya tatu nikavua kimoja.
Ubaridi!
Sikujua usiku una ubaridi wa namna ile,
mtamu kidogo, wa maji ya mtungini.
Nabintu alikuwa macho. Hakusema neno.
Unyayo wake ulisogea, ukagusa wangu,
ukakuta kovu, ukapita juu yake taratibu
kama mtu anayesoma jina gizani.

Ijumaa radi ikapiga upande wa Bagira,
mabati yakatetemeka,
nikawa nimevaa vyote viwili kabla sijaamka.

Jumanne nilipanda ngazi na uso wa mdaiwa.
Mama Ntakwinja alimimina chai, akasukuma sukari kwangu.
"Viatu ni vyako. Hakuna anayevidai.
Niambie jambo moja tu:
ulifunga kamba?"

Nikafikiri.
Ziwa kwenye dirisha lilikuwa kijivu.

Sikufunga.