Amri Haitambuliki

Ruse, Februari. Danubi imeganda kingoni,
na mimi, Zdravka, mstaafu wa kituo cha kupimia maji,
nimekaa jikoni na kompyuta ya marehemu mume wangu
na rundo la madaftari: kimo cha mto, kila siku saa moja asubuhi,
miaka thelathini na minne, kwa mwandiko wangu.

Mpwa wangu Momchil alinipigia simu kutoka Varna:
"Shangazi, ipo programu ya kusoma mwandiko.
Haina picha wala vitufe.
Unaandika jina lake, inaitika."

Nikaandika jina. Nikabonyeza.
Jibu likaja upesi, kama la karani anayewahi chakula:
amri haitambuliki.

Nikaandika tena, taratibu, kama unayemsemesha mgonjwa.
Haitambuliki.
Nikaandika kwa herufi kubwa. Nakiri,
nilikuwa naipigia kelele.
Haitambuliki.

Asiyekujua hakuthamini, sawa,
lakini jana usiku niliisakinisha mwenyewe,
nikaona mstari wa kijani ukijaa mpaka ukomo,
nikapewa hongera.
Hongera ya nini, ikiwa mgeni kalala chumba cha uani
na mwenye nyumba anaapa hajamwona?

"Hajaambiwa atafute huko," akasema Momchil.
"Ana orodha ya folda, huitwa njia.
Ukiita jina anazipitia moja baada ya nyingine,
zikiisha anarudi mikono mitupu.
Hasemi uongo, Shangazi. Hakufika tu."

Hakufika tu.
Bai Penko, mleta barua wetu, alikuwa hivyo.
Karatasi yake ya mitaa iliishia kwenye kinu cha unga,
basi barua za kituo akizitupa kinuni,
nami kila Alhamisi nikizifuata thelujini,
zikiwa zimepakaa unga hadi kwenye stempu.
Miaka sita nimemnunia mzee wa watu.
Kumbe dawa ilikuwa kumwongezea mstari mmoja.

Tukauongeza. Momchil akitamka, mimi nikiandika:
nukta-mkato kwanza, isisahaulike,
kisha mkwaju ulioegemea nyuma,
jina la mume wangu, Gencho, lililobaki mlangoni mwa mashine,
mkwaju tena, folda, folda ndani ya folda.
Nikahifadhi. Nikaita.
Haitambuliki.

"Funga dirisha, ufungue jingine.
Hilo lilifunguka kabla ya orodha mpya, linajua ya zamani tu."
Nimefanya kazi chini ya wakurugenzi wa aina hiyo.
Hakuna aliyekubali kufungwa na kufunguliwa upya.

Nikafunga. Nikafungua. Nikaita.
Haitambuliki.

Chai ya majani ya mlinde imepoa. Momchil kanyamaza;
nasikia mtoto wake akidai biskuti.
"Shangazi. Kibodi iko lugha gani?"

Hapo nikaona nilichofanya.
Dirisha jipya lilirudi kwenye Kibulgaria.
Nikaandika c, ikatoka sawa machoni;
ya pili ikatoka ya kwetu, nikaifuta hiyo peke yake,
nikabadili lugha, nikaendelea hadi mwisho.
Herufi ya kwanza ilibaki ya nyumbani:
sura ile ile, mgongo ule ule uliopinda,
lakini sisi huisoma s.
Mimi sikuiona tofauti hata kwa miwani.
Mashine iliiona.

Nikaifuta. Nikaiandika ile ile, isiyo ile.
Ikaja namba ya toleo, nukta mbili katikati,
na kishale kikapepesa, kinangoja.
Momchil akapiga makofi, mtoto akamfuata
bila kujua kwa nini.

Nikaipa ukurasa wa kwanza. Ikausoma wote kwa pumzi moja.
Kimo cha siku ile, mia nne kumi na mbili,
imeandika mia nne sabini na mbili:
moja yangu ina paji refu, vidole vilikuwa na baridi.
Mafuriko ambayo Ruse haikuyapata.

Nimechukua kalamu nyekundu.
Yamebaki madaftari thelathini na matatu.