Nimeshiba

Jumatano ya Majivu nilirudi kutoka misa ya alfajiri
na doa langu kwenye paji la uso, nikafungua kabati,
nikalihamishia kopo la sukari rafu ya juu kabisa
kama nifanyavyo kila mwaka tangu nipokee Kipaimara.
Siku arobaini za chai chungu.
Nyama, hapana. Soda, hapana. Andazi la saa nne pale Memorial
nikiwa nimekalia marobota yangu ya mitumba, hapana.
Najijua. Mimi ni hodari wa hapana.

Nilifunzwa na mama, kule Kibosho.
Machalari yakiiva alimpakulia baba,
kisha wageni, kisha sisi sita,
halafu akakwangua kwa mwiko kilichoungulia chini
akisema, "Mimi nimeshiba harufu."
Tukaamini. Mtoto huamini linalomfaa.

Alipofariki, chini ya kitanda chake tulikuta
doti nne za khanga, wanga bado umekakamaa,
na vikombe vya maua ndani ya gazeti
la mwaka aliozaliwa Ndeshi, kitinda mimba wetu.
Vikombe visivyowahi kujua chai.
Shangazi akalia: alikuwa mtakatifu huyu!
Mimi nikahesabu vikombe.
Sita.
Hata dukani, peke yake, na pesa yake mkononi,
hakujihesabu.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingia pamoja
hapa Majengo. Jirani yangu wa ukuta, Mwanahawa Mfinanga,
anaamkia daku, mimi naamkia rozari;
sufuria zake zinagonga, shanga zangu zinagonga.
Jioni ya nne, adhana imeisha tu, hodi.
Bakuli limefunikwa kwa sahani, mvuke unatorokea ukingoni:
magimbi ya nazi, na tambi za sukari kwa kando.
Nikasimama mlangoni kama mlango wa pili.
"Asante dada, nimeshiba."
Tumbo likanguruma. Alilisikia.
Hakukasirika. Alilishika tu bakuli lile
vile mtu anavyoshika barua iliyorudishwa.

Usiku ikanyesha mvua inayotangulia masika,
bati likasema yote niliyokuwa nikikataa kusema.
Miaka thelathini na moja ya kujinyima:
nani alinenepa kwa njaa yangu?
Sukari nisiyoila ilibaki koponi,
kilo yangu, rafuni kwangu, ikinisubiri Pasaka;
haikuvuka ukuta hata siku moja.
Kumbe sikuwa nafunga. Nilikuwa naweka akiba.

Na neno lile la mama, nililivaa
kama gauni lililonipwaya mpaka likanikaa.
Aliyeshiba hadaiwi.
Aliyeshiba haombi, hana wa kumshukuru, hana zamu kisimani.
Nilianza kwa kujinyima, nikaishia kumnyima mtu
mkono wake mwenyewe wa kutoa.
Unyimi na kujinyima, lo,
tumbo moja liliwazaa, na mimi nilimjua mmoja tu.

Sisemi kufunga ni bure. Majivu niliyapokea,
na mwakani, nikijaliwa, nitayapokea tena.
Sijui pia kama mama alikosea; alikuwa na vinywa sita
na shamba moja la migomba. Mimi sina udhuru huo.
Ila kwa siku zilizobaki nafunga neno moja,
na hilo, niaminini, ni gumu kuliko nyama.

Jioni ya tano nikapanda stuli.
Nikateremsha kopo. Nikafungua gazeti,
nikatoa kikombe cha maua, mgao wangu katika vile sita,
nikaenda kugonga.
"Mwanahawa," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba,
"nina njaa."

Akanitazama kikombe, akanitazama uso.
"Ingia basi," akasema, "ila utangoja. Bado dakika saba."

Tukaketi kizingitini, kopo la sukari katikati yetu,
tukimsikiliza muadhini akikohoa,
akikipuliza kipaza sauti, akijaribu.