Kizingiti

Tao halikuanguka mbele ya watu.
Lilingoja usiku wa Februari, bahari ya Galisia imefura,
kijiji kimejifungia na redio na supu ya kabichi.
Mbwa wa Eudosia peke yake ndiye aliyebweka,
akatupiwa ndara, akanyamaza.

Asubuhi Sabela alishuka na ndoo yake.
Palipokuwa mlango, nguzo mbili
zinatazamana kama wagomvi
waliosahau neno la kwanza.

Baraza la mji likaleta kibao cha HATARI,
likakisimika mbele ya kitu kisichokuwepo.
Maharusi waliopigiwa picha pale chini
walipiga simu kutoka Vigo, kutoka Buenosairesi:
Ni kweli?
Kana kwamba ndoa nazo zilishikiliwa na lile jiwe.

Sabela hakupiga simu kwa mtu.
Baba yake, Amaro, kila Jumatatu ya Pasaka
alipanda juu ya tao, akalala kifudifudi,
akateremsha kamba ubavuni
hadi ncha igote tumbo la mwamba,
akafunga fundo ukingoni.
Mafundo thelathini na moja,
kila moja karibu zaidi na ncha.
Sisi tungesema bandu bandu huisha gogo.
Amaro hakusema kitu.
Alifunga, akashuka, akala.
Mwaka aliokufa
fundo lilibakisha shibiri mbili.

Mawe yaliyoporomoka yalilala majini,
meupe, rangi ya mfupa uliovunjika leo,
miaka mitatu bila kuota hata ukoga wa kuteleza.

Mwaka wa nne, maji ya bamvua yalipokupwa,
Sabela akajifunga kiunoni kamba ile ile,
ncha nyingine akampa Eudosia juu jabalini,
akaingia kati ya wimbi na wimbi,
pale mtu anapohesabu kwa meno.
Akakwangua.
Persebe wa kwanza wa jiwe jipya:
vidole vyeusi vyenye kucha, vifupi, vinene,
vimeng'ang'ania kizingiti
kama vile hakijawahi kukaa juu ya kichwa cha mtu.

Alivuta kamba mara moja: nipo.
Mafundo yakapita viganjani mwa Eudosia,
akayasikia yanavyosogeleana.
Akavuta na yeye.

Ndoo ilijaa nusu.
Sokoni, euro themanini kilo.
Mnunuzi alinusa, akalipa, akauliza kama kuna mfuko.