Sababu ya Sita

Miaka ishirini na tisa niliuchora mto Ruhr
kwa chaki ya samawati, katika shule moja ya Makongeni,
mkono ukizijua kona zake
kama mguu unavyozijua ngazi za nyumbani gizani.
Hapa Duisburg, bandari. Hapa Essen. Hapa Dortmund.
Makaa ya mawe niliyatia kwa mkaa wa kweli,
kipande nilichoomba kwa mama wa chapati.
Sijawahi kufika huko.
Nimefika Arusha, mara moja, mazishini.

Swali la mtihani halikubadilika:
Taja sababu tano zilizostawisha viwanda katika eneo hilo.
Darasa likajibu kwa pamoja, kama watu wa misa:
makaa chini ya miguu,
maji ya kupozea chuma,
mto wa kubeba mzigo na reli ya kuupokea,
mtaji,
soko la Ulaya mlangoni.
Alama tano. Twende swali la pili.

Dirishani, upande wa Lunga Lunga,
kiwanda cha mabati kilikohoa mchana kutwa.
Vumbi lake lilitua juu ya ramani yangu,
nikalifuta kwa kiwiko
nikaendelea kufundisha moshi wa mbali.

Kavutha Muthengi, dawati la nyuma,
baba yake kibarua wa siku papo hapo kwenye mabati,
ndiye aliyeandika sababu ya sita:
"Watu waliotoka mbali, kwa kuwa kwao hakukuwa na kitu."
Nikaikata kwa wino mwekundu.
Pembeni nikaandika: Haimo kitabuni.

Usiku huu simu imelia. Yuko Gelsenkirchen,
muuguzi wa wazee, zamu ya usiku,
Kijerumani alikinunua Ngara, orofa ya nne,
kwa ng'ombe wawili na mkopo wa chama,
lugha ambayo kitenzi huja mwisho wa sentensi
kama mjomba anayefika sherehe ikivunjwa.

"Mwalimu," anasema, "ulitudanganya.
Migodi imefungwa, wa mwisho ulifungwa kabla sijatua.
Minara imebaki; watu hulipa kiingilio wapande watazame.
Palipokuwa na tanuru pana miti, na sungura.
Vifusi vya mgodi wamevipandia nyasi,
Jumapili wanavikwea kwa baiskeli.
Hata ule mto mdogo uliobeba uchafu wao miaka mia,
uchafu wameutia mabombani, chini kabisa,
mto wameurudishia samaki."

Nikanyamaza. Niliuwaza Mto Ngong,
rangi yake ya Jumatatu
na rangi yake ya Ijumaa.

Ana mzee mmoja, Bwana Kowalczyk.
Babu yake alitoka Poland na sanduku la mbao.
Mapafuni mwake mna makaa
ambayo hakuna kampuni itakayoyachimba.
Alifuga njiwa wa mashindano; siku hizi
huhesabu dirishani njiwa wa wenyewe.
Kavutha akimgeuza ubavu, mzee humpa salamu ya mgodini,
ile ya kumtakia mwenzio apande salama kutoka chini.
Naye humjibu kwa Kikamba.
Mzee hudhani ni lahaja ya Bavaria.

"Na mshahara?" nauliza. Mimi ni Mkenya, nitaachaje?
Anacheka. Nusu inamezwa na kodi na pango.
Inayobaki inaezeka nyumba ya mama yake kule Mwala.
Mabati ya geji thelathini.
Ya kiwanda kile kile.

Simu ilipokatika nilikwenda kabatini,
nikijua fika kuwa karatasi ile haimo.
Mitihani ya zamani niliiuza kwa kilo
kwa muuza karanga wa kituo cha Jogoo Road.
Basi kuna mtu, jioni fulani,
aliyekula karanga za shilingi tano
ndani ya jibu sahihi lenye mkato mwekundu,
akakung'uta chumvi,
akalikunja, akalitupa mtaroni;
na mtaro, tangu zamani, unajua njia ya mtoni.